Kwa wanangu wa kidato cha sita, Wilaya ya Micheweni, Pemba: andikeni hali ya nyumbani kama ilivyo

Assalaam alaykum wanangu,

Mimi ni bibi yenu wa Konde. Nimesomesha mpaka nikastaafu, na sasa nakaa na wazee wenzangu kusoma barua za vijana wanaoiomba jumuiya yetu msaada wa masomo ya juu. Za mwaka huu tumezimaliza juzi. Nimefunga faili lakini roho haijatulia, maana tumewaacha vijana ambao mimi nawajua kwa sura na kwa shida zao, ila barua zao hazikunipa cha kuwatetea.

Nyingi zina Kiswahili kizuri na hazisemi kitu. "Nina ndoto ya kulitumikia taifa langu." "Mimi ni mchapakazi mwenye nidhamu." Kijana wa Tumbe na mwenzake wa Wingwi wameleta maneno yale yale, hata nukta zimekaa pamoja, kwa kuwa wote wamenakili kwenye simu ya mtu mmoja. Mimi nataka kujua nani analeta chakula nyumbani kwenu. Mko wangapi mnaosoma? Baba anachuma karafuu zake au za watu? Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na sisi sote tunalijua hilo. Ukiniambia mwaka jana mliuza na mwaka huu mmetoka mikono mitupu, nimeshakuelewa. Mama akilima mwani, sema. Kama unakaa kwa bibi kwa sababu wazee wameachana, sema pia. Mwandiko mbaya nitausoma kwa subira.

Kinachowazuia nakijua: ni kuona haya. Huku kwetu mtu hulala na njaa, mlango kaurudisha, jirani asijue. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi limenifika. Nilipomaliza skuli palitokea nafasi ya kusomeshwa ualimu. Ami yangu ndiye aliyeniandikia barua, Mungu amrehemu, na kwa kutaka kutulindia heshima akaandika kuwa baba ana shamba la mikarafuu. Baba hakuwa na mkarafuu hata mmoja. Alikuwa akichuma za watu, akilipwa kwa pishi. Waliosoma barua ile wakaona huyu anajiweza, nafasi akapewa mwengine. Mwaka mzima nilikaa nyumbani nikisuka ukili. Mwaka wa pili nikaandika mwenyewe, mistari kumi na miwili, nikataja pishi na nikataja ndugu zangu saba. Nikachukuliwa.

Na mkumbuke fedha hizi zinatoka wapi. Anatoa mchumaji siku anayouza karafuu kituoni, anatoa mama wa mwani, wanatuma ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, na nyengine ni zaka. Kwa hiyo msizidishe shida vilevile. Mwaka mmoja kijana alimwandika baba yake kuwa marehemu, na baba tulikuwa naye msikitini Ijumaa ile ile. Sikulala usiku ule, kwa kuwa mtoto yule alikuwa anastahiki hata bila ya uongo wake.

Ukishapata mkopo wa serikali, tuambie. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo kwa sheria ya mwaka 2011, na nawahimiza nyote muiombe, lakini mkopo ni deni utakaloulizwa ukishaanza kazi. Cha jumuiya hakirudishwi, na ni kidogo. Hutumika pale palipobaki pengo. Mwenye mkopo hatumfukuzi. Tunamuuliza kimebaki nini: amana ya dahalia, kompyuta, au gari kutoka Konde mpaka Mkoani halafu boti ya kwenda bandari ya Malindi, Unguja. Andika hesabu hizo moja moja, kwa bei uliyoiuliza mwenyewe. Aliyeandika "naomba mnisaidie chochote" hutupa kazi ya kukisia, na wazee kumi wakikisia hupatikana majibu kumi.

Sasa la vyeti, ambalo linaniuma kwa sababu halihitaji akili, linahitaji mapema tu. Mtihani mnafanya Mei, matokeo hutoka kama Julai, kisha kila kitu hukimbia kwa pamoja: maombi ya chuo, ya mkopo, na yetu. Wengi wenu cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis na cha mtihani Hamisi. Au kimoja kina majina matatu na chengine mawili. Hilo linahitaji hati ya kiapo, na hati ya kiapo haipatikani kwa kulia mlangoni siku ya mwisho. Litazameni leo. Yatima atafute cheti cha kifo cha mzazi. Barua ya sheha ifuateni kwa adabu na kwa wakati. Sheha naye ana watu wengi wa kuwahudumia, na msimtake aandike asilolijua.

Nina neno na wasichana. Mwaka huu wawili wamekubaliwa vyuo vya Unguja na baba zao wakasita kwa sababu ya makaazi. Mwanangu, usigombane na baba. Mwambie aje kwetu na wewe, tukae naye, tumweleze dahalia iko wapi, nani anaisimamia na geti linafungwa saa ngapi. Na kama bado moyo wake mzito, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina kampasi yake hapa hapa Pemba, Mchangamdogo. Tazameni kama fani unayoitaka inasomeshwa huko.

Mliokosa mwaka huu, msirarue barua zenu. Jumamosi baada ya laasiri nipo barazani kwangu, nyumba ya pili ukishapita kisima. Njooni na barua ile ile, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kalamu. Mwenye kuona haya mbele ya wenzake aje kabla ya adhuhuri, peke yake, nitakuwa nimeshapika.