Kibali kinasema mita 11, fundi anajenga 12 na nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze ugomvi wangu na fundi, maana nikiusimulia kwa watu, kila wa pili ananiambia naye yalimkuta.

Kiwanja changu kimepimwa, mita 15 kwa 25, na bikoni zake nne, yaani alama za mpaka, zinaonekana. Nilichorewa ramani, nikaipeleka halmashauri, ikarudi na mhuri pamoja na kibali cha ujenzi. Nyumba iliyoidhinishwa ina upana wa mita 11 na urefu wa mita 13, ili kila ubavu zibaki mita 2. Nikampa fundi nakala, nikasafiri kikazi wiki 3. Huko nilikokuwa alinipigia simu mara moja tu: "Bosi, tofali zimepungua, ongeza mia nne." Nikatuma pesa bila kuuliza. Hilo kosa ni langu.

Niliporudi msingi umeshafukiwa, jamvi la zege la sakafu limemwagwa na kuta zimefika usawa wa madirisha. Nikachukua tepu. Mita 12 na nusu. Upande mmoja, kati ya ukuta na mpaka wa jirani zimebaki sentimita 50.

Fundi hakukana. Alisema sebule ya kwenye ramani ilikuwa ndogo, makochi yasingeenea, kisha akaniuliza: "Kwani kiwanja si chako?"

Kiwanja ni changu, ila maji ya mvua hayajui hati. Paa letu lilichorwa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta. Kwa hiyo kenchi, yaani mbao za kubeba paa, zingepandishwa hivyo hivyo, bati langu lingekuwa limevuka mpaka kwa sentimita 10, na masika yote maji yangemwagika juu ya banda la kuku la jirani. Na siku bomba la choo likiziba upande ule, sijui angeingia nani na sururu kwenye upenyo wa nusu mita.

Nimejiuliza kwa nini mtu aongeze nyumba isiyo yake. Jibu liko kwenye malipo. Nilipatana naye kwa tofali, kama wengi wetu tunavyofanya: kila tofali analolijenga lina bei yake. Ukuta ukirefuka, ujira wake nao unarefuka. Sisemi ni mwizi, lakini mapatano yetu yenyewe yalikuwa yanamsukuma kwenda nje badala ya kumrudisha ndani. Tena amejifunzia kazi kwenye maeneo yasiyopimwa, ambako kiwanja ni "20 kwa 20" za hatua, na hatua zenyewe hutegemea urefu wa miguu ya dalali. Huko ukuta husimama pale jirani atakapopiga kelele.

Tulipofika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndipo nilipoishiwa maneno. Fundi alitoa karatasi tuliyosaini mbele ya mjumbe. Imeandikwa: "nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo." Hakuna mita hata moja. Akasema vyumba vitatu amejenga, ahesabiwe. Kibali ninacho mimi, jina lililomo ni langu, na alama nyekundu ya X, ya kuamuru kubomoa, imepigwa na mkaguzi wa halmashauri kwenye ukuta wangu.

Wapo wanaodhani vipimo vya kibali ni habari ya maghorofa tu. Kweli, huko juu hasara ni kubwa kuliko yangu: Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36, na ikaelezwa kuwa ghorofa zilikuwa zimezidi zile zilizoidhinishwa. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inatuhusu hata sisi wa vyumba vitatu.

Ombi langu kwa halmashauri zetu ni moja. Mkaguzi aje siku ya kamba na vigingi, kabla mtaro haujachimbwa. Kigingi unakihamisha kwa nyundo dakika moja. Mimi nimepigiwa X wakati nondo na zege viko chini tayari, na mkaguzi alikuwa na haki ya kuipiga, ila alikuja mwezi mzima baadaye. Na wenzangu mnaotaka kujenga, nakili vipimo vya kibali kwenye karatasi ya mapatano, fundi asaini chini yake.

Jumamosi tunarudi kwa mwenyekiti. Fundi amekubali kubomoa bila ujira, ila tofali na saruji anasema ni juu yangu. Jirani naye amesema atakuja, na tepu yake mwenyewe.

Msomaji wako,
Dar es Salaam