Sijarudia, Swahiba

Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Swahiba wangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Shemeji hajambo? Watoto je? Huku wote wazima, Bibi naye homa imemwachia, anakusalimu sana na anasema hakusamehe mpaka uje akuone kwa macho yake.

Niingie kwenye jambo lenyewe. Ijumaa uliponipigia, kikohozi kilinishika katikati ya maneno, na kilipotulia ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Umerudia?" Nikakujibu hapana, kisha simu ikakatika. Tangu siku ile neno lako halijanitoka kichwani. Sijarudia, Hamisi. Tangu usiku wa kuamkia Ramadhani sijatia sigara mdomoni, na Idi ya kuchinja nayo imeshapita. Miezi mitatu na ushei. Wewe unajua tulianza lini, kule nyuma ya ghala la mkonge, kwa hiyo unajua miezi mitatu kwangu ni nini.

Ila nakohoa kuliko nilipokuwa navuta. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mchana wa mfungo haukunitesa. Taabu ilikuwa magharibi, tende na uji vikishashuka, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Wiki ya kwanza nikatoka vidonda chini ya ulimi, koo likawa kavu linakereketa, kifua kinabana bana. Nikajua ni hasira za mwili kunyimwa ulichozoea, nikavumilia. Wiki ya tatu ndipo kikohozi kikaanza. Naamka alfajiri, kabla hata sijatia maji puani kwa ajili ya udhu, kitu kinapanda kutoka chini, polepole, kinafika hapa kwenye kikoromeo kinakwama. Nakohoa mpaka machozi yananitoka. Nikitema kwenye karo la uani, ni makohozi mazito, mengine yana vitone vya kahawia kama machicha ya kahawa chini ya kikombe. Mama Zuhura anasimama mlangoni, kanga mabegani, hasemi kitu. Najua anamfikiria Sefu, mvutaji mwenzetu. Na mimi namfikiria Sefu.

Halafu hili koo. Umewahi kukwamwa na mwiba wa samaki changu, ukameza tonge la ugali mkavu lisiteremke nao? Ndivyo nilivyo kutwa nzima. Nakohoa kidogo, nameza mate, nakohoa tena. Mafundi wenzangu karakanani wameshazoea, wateja ndio wanaosogea nyuma.

Nilikwenda kwanza duka la dawa. Kijana aliyekuwapo hakuniuliza siku ngapi, hakuniuliza kama navuta, akanihesabia vidonge vya rangi mbili kwenye bahasha, basi. Nimevimeza vyote, pesa imekwenda na kikohozi kipo palepale. Hilo limeniuma, maana Sefu naye alianza hivihivi, duka hili na duka lile, miezi ikapita.

Kwa hiyo nikaenda hospitali. Nilipotamka tu kwamba nakohoa zaidi ya wiki mbili, nikapewa kikopo cha makohozi nipimwe kifua kikuu. Kupima ni bure, na wangekikuta dawa nazo ni bure. Daktari, mama wa makamo, mpole, akaniuliza: umeona damu? Unatoka jasho usiku mpaka shuka inalowa? Nguo zinakupwaya? Nikamwambia nguo ndiyo kwanza zinanibana, tangu niache nakula kama kijana wa jeshi. Akanisikiliza kifua mbele na nyuma, nikapigwa picha. Majibu yote yakatoka salama. Kifua kikuu hakipo.

Sasa nisikilize alivyonieleza, maana ndiyo sababu hasa ya kukuandikia. Anasema kwenye njia za hewa kuna vinywele vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufagia, vinasukuma makohozi na uchafu kutoka chini kwenda juu. Moshi unavilewesha na kuvimaliza. Miaka yote ile uchafu ulikuwa unajikalia tu. Ukiacha sigara vinaota upya, vinaamka, na vinakuta nyumba ina taka za miaka 22. Kikohozi changu ni huko kufagia. Kwa wengi kinapungua kidogo kidogo ndani ya miezi michache, wapo wanaokaribia mwaka.

Pale kijiweni kwa muuza kahawa wamenishauri nivute moja tu kifua kitulie, eti kimezoea. Nilimpelekea daktari maneno hayo. Akasema wanaosema hivyo wengine kweli hutulia, kwa sababu ukivuta unavilewesha tena wale wafagiaji. Utulivu wenyewe ndio ugonjwa. Hamisi, niliposikia hivyo nilinyamaza kabisa pale kitini. Nilimkumbuka Sefu, kabla hajaanza kuugua, alivyokuwa akijisifu kwamba yeye hakohoi.

Kijiweni siendi tena. Bao nalikosa, kahawa naikosa, na wale watu nawapenda, lakini kahawa bila sigara bado siiwezi.

Daktari ameniambia ninywe maji mengi, nivae barakoa nikipiga randa kwa ajili ya vumbi la mbao, na nirudi upesi nikiona damu, homa, pumzi kupungua, au sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu. Maumivu ya kifua yakishuka mkononi nisingoje hata kuvaa viatu. Basi kila asubuhi nachungulia lile karo nikitafuta wekundu. Sijauona. Vitone vya kahawia navyo wiki hii vimepungua, au labda natamani tu vipungue, sijui, ndiyo maana nataka kusikia kwako.

Kitu kimoja nikuambie uchekee huko. Juzi nilipasua ubao wa mninga, harufu ikanijia, nikasimama na msumeno mkononi. Mbao nazipasua tangu ujana wangu, kumbe mninga una harufu tamu vile.

Sasa nijibu, tafadhali. Wewe ulipoacha ulikohoa muda gani? Nakumbuka ulinywa sana maji ya tangawizi, ilikuwa kwa ajili ya kikohozi au baridi ya huko? Kule koo kukwama kulikuwapo kwako pia, na kuliondoka vipi, ghafla au kidogo kidogo? Ulitema yenye vitone? Uliwahi kuogopa kama hivi ukanyamaza? Na huko Tabora, tumbaku ikianikwa kila upande msimu wa mavuno, harufu yake haikurudishi nyuma?

Lingine, nitafutie lita mbili za asali ya porini, ile nyeusi, umpe kondakta wa basi la Dar, shemeji yako wa Ubungo ataipokea na kunisogezea. Pesa nitatuma utakaponiambia bei, na usiipunguze kwa kunionea haya.

Jibu lako liandike, usipige simu. Nataka nimsomee Mama Zuhura asubuhi pale uani, maana maneno yangu hayasikii, anasikia kikohozi tu.

Wako,
Rajabu