Mhariri, yule panya hajaponywa, kakingwa tu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu ile stori yenu ya ukurasa wa afya, iliyosema dondoo za mimea ya dawa, yaani maji yanayokamuliwa kwenye mimea, "zinatibu kansa ya ngozi". Shangazi yangu kaikata na mkasi kaiweka kwenye pochi. Ana kidonda juu ya sikio, pale pale jua linapopiga, huu ni mwezi wa nne tangu kitoke hakifungi, kinakauka, kigaga kinadondoka, kinatoa damu kidogo halafu kinaanza upya, na tangu asome gazeti lenu kila usiku anaponda majani anabandika, foronya yote imekuwa kijani. Hospitali hataki hata kusikia, eti mmeshaandika.

Mi ugomvi wangu ni neno moja tu, "zinatibu". Tafiti nyingi za mimea na kansa ya ngozi, kama hiyo mliyoiandika, zinafanywa kwa panya na ziko hivi: panya ananyolewa mgongoni, anapakwa kemikali inaitwa DMBA mara moja, hiyo inaharibu DNA ya seli, halafu kwa wiki nyingi anapakwa nyingine inaitwa TPA, kawaida mara mbili kwa wiki, ya kuzichochea zile seli zilizoharibika zizaliane, mwishoni wanahesabu vinundu vya uvimbe vilivyoota. Dondoo mara nyingi anaanza kupewa kabla ya sumu au siku zile zile za sumu. Vinundu vikija vichache na kwa kuchelewa, glutathioni, ile kemikali ya mwili inayolinda seli, haijashuka sana kwenye ngozi, mafuta ya seli hayajaliwa na zile molekuli korofi za oksijeni (ndio hizo hizo jua linazizalisha kwenye ngozi zetu), basi mmea umeonyesha kinga. Kinga bwana, sio tiba, na kwa panya, ambaye ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu.

Halafu hiyo TPA yenyewe mnajua inatoka wapi? Kwenye mafuta ya mbegu za mmea unaoitwa mkrotoni. Yaani kwenye mgongo huo huo mmea mmoja unalinda na mwingine unaotesha uvimbe, alafu mtu aniambie mitishamba haina madhara.

Sibezi mimea, msinielewe vibaya. Vinkristini inayotibu kansa ya damu kwa watoto imetoka kwenye ua la vinka, lakini imechujwa, imepimwa, dozi yake inajulikana na inaingizwa kwenye mshipa, hakuna anayetafuna ua. Na hata zilizopimwa zinaweza kugeuka. Kuna jeli ya ingenoli, imetokana na utomvu wa mmea wa Euphorbia, Marekani waliiidhinisha 2012 kwa ajili ya yale madoa ya jua yanayoweza kuwa kansa, ilipofika 2020 Ulaya wakaiondoa sokoni kwa sababu ilionekana inaweza yenyewe kuongeza kansa pale ilipopakwa. Na beta-karotini, antioksidanti (kitu cha kuzuia zile molekuli korofi) ile ya rangi ya karoti, walipewa watu waliokwisha kuugua kansa ya ngozi, jaribio la watu 1,805, miligramu 50 kila siku hadi miaka 5, matokeo yakatoka 1990: kansa mpya hazikupungua.

Sasa shangazi anachohitaji ni daktari akate kakipande kadogo ka nyama kapelekwe maabara, basi, dakika chache tu. Majani yanakifunika tu kile kidonda na siku zinaenda, nikimwambia ananifungulia pochi ananionyesha karatasi yenu.

Kwa hiyo Mhariri naomba mrekebishe. Muandike panya, muandike kinga, na muandike kwamba kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kikapimwe. Ila isiwe kwenye kile kikona cha masahihisho huko chini, iwe ukurasa ule ule wa afya na herufi kubwa zile zile, maana shangazi anasoma vichwa vya habari kwanza ndio anachukua mkasi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote