Mhariri, ile kimono si vazi la kale

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Jumapili iliopita mliweka picha kubwa ya kimono ya hariri, zambarau na njano, maduara yamepandana na mistari inakata kama radi, chini yake mkaandika ni vazi la kale la Kijapani ambalo halijabadilika karne na karne. Mi ni fundi wa kuchapa vitambaa hapa Tanga, miaka 20 na ushee nashika skrini na rangi, nlivoiona nkacheka peke yangu. Hiyo nguo kwa macho yangu ina miaka 100 hivi tu, na ilipotoka ilikua ndo fasheni ya mjini, ya wasichana wanaofanya kazi na wanafunzi.

Nimejuaje? Angalieni mkono wa kulia, umepinduka kidogo, hauna bitana, na upande wa ndani rangi ni zilezile za nje, kali vilevile. Kitambaa cha kuchapwa juu kama ninavochapa mimi nyuma kinafifia, hapo ni nyuzi zenyewe zilitiwa rangi kabla ya kufumwa. Na kingo za maduara zinatetemeka. Hiyo inaitwa meisen, ilifumwa sana miji ya Isesaki, Ashikaga na Chichibu, kwa nyuzi zisizofika daraja la kwanza, kama zile za vifukofuko vya hariri ambavyo viwavi wawili wamejifungia ndani pamoja, uzi wake una vinundu lakini mgumu na bei rahisi.

Ufundi wake ndo ulioniua kabisa. Zamani ukitaka uzi wenye mchoro unaufunga kwa kamba sehemu kwa sehemu rangi isipite, kazi ya kuumiza vidole. Hawa wa meisen wakatandaza mtande, yaani nyuzi za urefu, wakapitisha mshindio wa muda, yaani nyuzi za kukatiza, mchache, wa kushikilia tu nyuzi zisihame, wakaweka karatasi iliyokatwa mchoro wakachapa rangi za kemikali juu yake, alafu kwenye kitanda cha mfumi wanautoa ule mshindio wa muda huku wanaingiza wa kweli. Nyuzi zinasogea kidogo tu, ndo maana kingo zinatetemeka. Kwa njia hii mchoro mkubwa wa rangi nyingi ukawezekana kwa bei ya mtu wa kawaida, na maduka makubwa ya Tokyo yakawa yanatoa michoro mipya kila msimu.

Sasa kuhusu kutobadilika. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa sita mchana watu wakiwa wanapika, tetemeko liliangusha Tokyo na Yokohama, moto ukamaliza kilichobaki, wakafa zaidi ya watu laki moja. Makabati ya nguo za kurithi yakaungua, watu wakahitaji nguo mpya za bei ndogo, meisen ikapata soko. Mwaka huohuo msanii Murayama Tomoyoshi, katoka Berlin juzijuzi, alikua ameanzisha na wenzake kundi la wasanii wakorofi la Mavo, baada ya moto wakaenda kupaka michoro kwenye mabanda ya mabati na mbao. Kwenye jarida lao la 1924 na 1925 waligandisha picha zilizochapwa kwa lino, ile zulia ya sakafuni inayochongeka, juu ya kurasa za magazeti, toleo la 3 wakabandika fataki kwenye jalada, serikali ikalipiga marufuku. Sisemi Mavo ndo walichora meisen, la, lakini upepo ulikua mmoja.

Mwaka 1925 mtafiti Kon Wajiro na wenzake walisimama Ginza, mtaa wa maduka wa Tokyo, wakahesabu wapita njia, wanaume 67 kwa 100 wamevaa Kizungu, wanawake 99 kwa 100 wamevaa Kijapani. Ukisoma haraka utasema kina mama walibaki nyuma, kumbe mambo yote ya Paris na Vienna yalikua yameingia humohumo kwenye kimono.

Kwenye kuchapa picha nako hivohivo. Wachapa picha wa Kijapani kina Onchi Koshiro walisema msanii achore mwenyewe, achonge mwenyewe, achape mwenyewe, wakati zamani kila kazi ilikua na fundi wake. Hapo mi na Onchi tungegombana kidogo, karakana yangu tuko watatu na sioni aibu. Ila picha yake ya 1915, rangi na maumbo tu bila mtu wala mlima, bado inanishangaza.

Na si yote ya kupendeza, miaka ya 1930 nguo za watoto wa kiume zilichapwa ndege za vita na vifaru. Julai 1940 serikali ikakataza kutengeneza na kuuza vitu vya anasa.

Wasomaji wetu hili wangelielewa haraka kuliko mnavodhani. Miaka hiyohiyo meli za kampuni ya Kijapani ya Osaka Shosen Kaisha zilikua zinashusha vitambaa vya pamba huku kwetu, na mwanamke wa pwani anaesubiri doti mpya itoke hamuwezi kumwambia kanga haijabadilika, atawacheka.

Basi naomba maelezo ya picha yarekebishwe: kimono ya meisen, kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Na kama mwenye picha yupo, mwambieni nataka kuiona nyuma yake.

Fundi wa kuchapa, Tanga