Ng'amba huyo arudishwe baharini

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini hadi sasa nimestaafu, wala sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa yenu iliyolisifu jengo la maisha ya chini ya bahari katika uwanja mmoja wa burudani hapa Pwani imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu aliliita shule ya bahari kwa watoto. Nilikwenda huko pamoja na binti yangu na wajukuu waliotoka Nakuru kwa likizo, na nililoliona halifanani na shule hata kidogo.

Njia ya kioo inapendeza, hilo halina ubishi, kwani samaki aina ya taa anapopita juu ya kichwa hata mtu mzima husimama akaduwaa. Uchungu wangu uko katika chumba cha mwisho. Humo amewekwa ng'amba, aina ya kasa wa baharini, niliyemtambua mara moja kwa mdomo wake uliochongoka kama wa kasuku na magamba yaliyopandana mgongoni, katika tangi ambalo akipiga mapezi mara mbili tatu ameshafika ukutani. Mhudumu alimshika ukingo wa gamba, akamtoa majini na kumwinua mbele ya kamera, huku mnyama akitapatapa hewani na familia zikipanga foleni kulipia picha. Mjukuu wangu mdogo aliona maji yakimtoka machoni, akauliza kama analia. Mhudumu akamjibu, "Amezoea," kisha akamwita mteja aliyefuata. Mtoto yule, Mhariri, alikuwa ameuliza swali linalotosha somo la saa nzima: kasa hutoa chumvi iliyozidi mwilini kupitia tezi zilizo karibu na macho, huvuta hewa kama sisi ingawa anaishi majini, na jike hukaa miaka mingi kabla ya kutaga mayai, kisha hurejea kutaga katika eneo alikoanguliwa. Hakuambiwa lolote kati ya hayo. Hakuambiwa kwamba ng'amba ni miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, wala kwamba biashara ya kimataifa ya magamba yake imepigwa marufuku. Wavuvi wa Watamu, ambao siku nyingine hurudi nyumbani na kitoweo kisichotosha, hupiga simu kwa wahifadhi kasa anaponasa wavuni ili akaguliwe na kuachiliwa. Iweje mwenye tikiti aruhusiwe kumtumia mnyama huyo huyo kupigia picha?

Na kwa kuwa nimekwisha kushika kalamu, nitaje na lango la kuingilia. Walinzi waliwanyang'anya wajukuu wangu chupa za maji kwa sababu ya usafi, nasi tukalazimika kununua maji ya chupa yale yale ndani kwa bei ya kukomoa, katika joto la Pwani. Tulilipa langoni, tukalipa tena mlangoni pa jengo la samaki, na hakuna bango lililotutahadharisha mapema.

Ninataka picha hizo zikome mara moja, na ng'amba akabidhiwe watu wanaojua kumtibu na kumrejesha baharini. Kisha wenye uwanja waajiri mvuvi mzee kutoka Shimoni au Vanga, wamlipe mshahara kamili, wamwekee kiti kando ya matangi kila Jumamosi na Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi, na wauzime muziki ule wa vipaza sauti ili watoto wamsikie anapojibu maswali yao. Nawe, Mhariri, msubiri kaskazi, maji yanapotulia na kutakata, umtume mwandishi yule yule apande mashua yenye sakafu ya kioo katika hifadhi ya Malindi au ya Watamu, zilizotengwa tangu 1968, awaone samaki wakiwa kwao, kisha umpe nafasi ile ile gazetini mliyolipatia jengo hilo.

Mstaafu,
Likoni, Mombasa