Vijana wanaotaka kuandika waanze na daftari, wafuasi watakuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu vijana wanaotaka kuishi kwa kalamu. Kila mara nasikia wakishauriwa wafungue blogu, watafute wafuasi, wanunue simu yenye kamera nzuri, na pesa zitakuja. Kwa heshima zote, ushauri huo unaanzia mwisho.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Tanga. Nina duka dogo la steshenari mtaa wa Ngamiani, natoa kopi na kuwachapia watu barua, na makala zangu naziandika baada ya sala ya alfajiri, kabla sijafungua duka. Vijana wanaopenda kuandika hunijia kuchapa kazi zao na kuomba nizipitie. Vipaji wanavyo, wengine vya kushangaza. Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna aliyewaonyesha kazi hii inafanywaje siku hadi siku.

Wengi wananiambia huandika mzuka ukiwapanda. Wiki ya kwanza unapanda kila usiku, mwezi wa pili hauonekani, na blogu inabaki na maandishi matatu na salamu za mwaka mpya uliokwisha pita. Hapa Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali tangu 1926, miaka mingi akiwa forodhani. Vitabu vyake vinazidi 20, na vingi aliviandika akiwa bado mwajiriwa, mtu wa kuingia ofisini asubuhi kama karani mwingine yeyote. Mtu wa namna hiyo lazima awe na saa yake ya kuandika na ailinde. Kijana naye achague yake, iwe alfajiri au baada ya isha, na watu wa nyumbani waijue. Saa moja ya kila siku inatosha kuanzia. Siku ambayo maneno hayaji, asahihishe ya jana.

Lakini jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni daftari.

Chukua soko la samaki la Deep Sea. Kijana akienda kuandika habari ya bei ya dagaa, hurudi na sentensi moja: wafanyabiashara walilalamika. Wafanyabiashara gani? Walilalamikia bei ya lini, ya ndoo au ya kilo? Hana jibu, kwa sababu alipiga picha na kurekodi sauti ambayo kelele za mnada zimeimeza. Mimi kila ukurasa wa daftari naupiga mstari wa kusimama katikati. Upande wa kushoto naandika nilichokiona kwa macho yangu: boti imefika saa ngapi, ndoo imenadiwa kuanzia shilingi ngapi na imeondoka kwa ngapi, nani amebaki na mzigo jua lilipopanda. Upande wa kulia naandika nilichoambiwa, na pembeni ya kila neno jina la aliyelisema na namba yake ya simu. Jina namwomba aliandike mwenyewe kwa mkono wake. Asiyeandika namsomea nilivyolinukuu mpaka aridhike. Zuhura na Zuhra ni watu wawili, na mama anayekaanga samaki akikuta jina lake limeharibiwa gazetini hatakuwa na hamu ya kuzungumza na mwandishi mwingine, awe mimi au atakayenifuata.

Mstari ule una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Mvuvi akiniambia samaki wameadimika kwa sababu ya baruti, au kwa sababu ya meli za watu wa nje, maneno hayo yanakaa kulia. Ni maneno yake, ana haki nayo, na huenda ni kweli tupu. Ila siyaandiki kama jambo nililolihakikisha mpaka nimemuuliza ofisa uvuvi na wavuvi wengine wasio wa boti yake. Maandishi mengi yanayosambaa mitandaoni yangepona kama mwandishi angejiuliza tu sentensi hii ni ya kushoto au ya kulia.

Siku hizi wapo pia wanaoniletea makala iliyotungwa na akili mnemba. Sarufi yake haina kasoro, aya zimenyooka, lakini ni Tanga ambayo ndani yake hamna mtu hata mmoja wa Tanga. Huwa namwambia kijana aiweke pembeni, apande daladala aende Deep Sea, au aende Muheza msimu wa machungwa aulize tenga linauzwaje shambani na linauzwaje barabarani. Akirudi na daftari lililojaa, makala imekwisha kuanza kujiandika.

Kuhusu blogu sina maneno mengi, kwa kuwa mazoea ni yale yale. Waliotutangulia walishaonyesha njia. Ndesanjo Macha alikuwa akiblogu kwa Kiswahili wakati wengi wetu hatujui hata blogu ni nini, na Issa Michuzi alipoanzisha yake mwaka 2005 watu waliizoea kwa sababu ukiifungua leo utakuta cha leo. Msomaji anarudi pale anapojua atakuta kitu. Kama uwezo wako ni makala moja kwa wiki, iwe moja, na iwe siku ile ile. Na kabla ya kufungua blogu ya habari, kijana asome masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, na ada yake ilikuwa ya mamilioni. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo asitegemee alichosikia kijiweni. Asome zilizopo leo.

Sasa pesa, jambo ambalo waandishi tunaona haya kulizungumza. Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayopotea kimya kimya kama makala. Wapo vijana ambao kazi zao zimetoka gazetini, wamewaonyesha wazazi wao, na hawajui walipwe na nani. Mimi mwenyewe liko gazeti lililochapa makala zangu kwa muda mrefu bila kunilipa. Kilichoniokoa ni daftari la madai: kichwa cha makala, tarehe niliyotuma, jina la mhariri aliyeipokea, tarehe iliyotoka na ukurasa wake, kiasi tulichokubaliana, tarehe ya kulipwa. Nilipokwenda kudai sikwenda na machozi. Niliweka orodha mezani pamoja na nakala za kurasa zenyewe, na mhasibu hakuwa na la kubishia. Malipo yakitoka yakiwa yamekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, dai hati yake uitunze, maana utaihitaji siku ukienda TRA, kwa watu wa mapato.

Kijana ajizoeze pia kukubaliana bei kabla hajaandika. Ujumbe kwa mhariri uwe mfupi: nataka kuandika nini, nitazungumza na nani, picha zipo au hazipo, maneno mangapi, nitaleta lini, malipo yenu ni kiasi gani. Akiona kimya, baada ya wiki akumbushe mara moja kwa adabu, kisha awe huru kuipeleka kwingine. Na tarehe aliyoitaja mwenyewe asiivunje. Mhariri anayepanga kurasa usiku hawezi kuchapa udhuru.

Kuna na bahasha. Mwandishi wa kujitegemea hana mshahara, na mwenye shughuli akimpa nauli iliyonona kuliko malipo ya gazeti, mtihani ni mkubwa. Siwahukumu wenzangu, najua njaa. Lakini aliyepokea bahasha asubuhi, jioni mkono wake unasita kuandika kwamba kisima kilichozinduliwa hakitoi maji, na aliyeumia ni yule mama aliyekwenda kisimani na ndoo. Hili ni zoea la kulikataa mapema, tangu makala ya kwanza, kwa sababu ukishajulikana kwa kupokea utaitwa kwa ajili hiyo tu.

Mwisho nina ombi kwako, Mhariri, na kwa wahariri wenzako. Sisi tulio nje ya vyumba vya habari tunaweza kujijengea mazoea yote haya, ila yapo ambayo funguo zake mnazo nyinyi. Chapisheni mara kwa mara, hata kwenye kona ndogo, maelezo kwa waandishi wa nje: makala iwe na maneno mangapi, itumwe kwa nani, malipo ni kiasi gani na hutoka lini. Makala isiyofaa ijibiwe kwamba haifai, hata kwa neno moja, ili kijana asikae mwezi mzima akiisubiri. Na mnapokata makala ya maneno 800 ibaki 600, mtumieni nakala iliyokatwa aione. Hapo atajifunza kuliko katika semina yoyote, na safari ijayo atawaletea yenye 600.

Mwandishi wa kujitegemea,
Ngamiani, Tanga.