Kijiti cha mkojo hakioni kila protini

Mhariri,

Makala yenu ya vipimo vya saratani imesema kusaka alama za ugonjwa huo mwilini kulianza karne ya 20. Sivyo. Jumamosi ya Novemba 1, 1845, jijini London, Dkt. Thomas Watson alimpelekea Henry Bence Jones, daktari na mkemia, neli yenye mkojo pamoja na kijibarua kilichoishia kwa swali: hiki ni nini?

Mwenye mkojo alikuwa muuza vyakula wa miaka 45, mifupa ikimtesa. Aliyewahi kufanya kazi maabara anajua kuwa mkojo wenye albumini, protini ya kawaida ya damu, ukichemshwa huganda kama ute wa yai, na ukishaganda basi. Huu ulikuwa na vituko vyake. Ukipashwa moto kiasi unaingia ukungu, ukikaribia kuchemka unatakata, ukipoa unaganda upya. Bence Jones alikokotoa kuwa mgonjwa alikuwa akipoteza zaidi ya gramu 60 za protini kwa siku, akahimiza itafutwe kwa wengine wenye mifupa iliyolainika. Mgonjwa mwenyewe hakuuona mwaka 1846 ukifika mbali. Alifariki mwanzoni mwa Januari.

Protini ikapewa jina la Bence Jones. Mimi hilo hunikera, maana aliyekiona kituko hicho kwanza, kwa moto wake mwenyewe, ni William Macintyre, daktari aliyekuwa akimhudumia mgonjwa. Ila yeye alichapisha mwaka 1850, mwenzake ameshatangulia.

Ilichukua zaidi ya karne kujua ni kitu gani. Mwaka 1962 watafiti Edelman na Gally walionyesha kuwa ni minyororo myepesi ya kingamwili, vipande vinavyomwagwa na seli za uboho zilizogeuka saratani, yaani maieloma.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni sentensi yenu kwamba kijiti cha kupimia mkojo kisipobadilika rangi, mkojo hauna protini. Kijiti kinatambua hasa albumini. Minyororo hiyo inaweza kujaa kwenye mkojo na kijiti kikabaki na rangi yake ileile. Ndiyo maana daktari akishuku maieloma huagiza elektroforesisi, yaani kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme, ya mkojo na ya damu, na siku hizi pia kipimo cha minyororo huru kwenye damu. Msomaji mwenye maumivu ya mifupa yasiyoisha anaweza kuisoma sentensi ile akatulia nyumbani. Naomba muisahihishe katika toleo lijalo.

Msomaji wenu